Makubadhi Mlangoni: kupanga na kupiga dakika mbili za mwanzo wa filamu ya taharuki

Dakika mbili ni chache kuliko zinavyosikika. Ukiipa kila shoti, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, wastani wa sekunde sita unapata shoti ishirini basi, na humo humo mna majina ya watengenezaji na jina la filamu yenyewe. Ndiyo maana kazi nyingi za wanafunzi huanza kwa mtu kukimbia vichochoroni: anageuka nyuma, anajikwaa, anaanguka, kioo kinakuwa cheusi. Mbio hujaza muda kirahisi. Lakini mtazamaji asiyemjua anayekimbia wala anayekimbiza hana cha kuhofia. Anatazama mazoezi ya viungo.

Taharuki haitokani na kasi. Inatokana na tofauti kati ya anachokijua mtazamaji na anachokijua mhusika. Mtu anaingia jikoni gizani, anapapasa meza kutafuta kibiriti: hapo hapana kitu. Tuonyesheni kwanza mpira wa mtungi wa gesi umechomoka, kisha aingie huyo huyo, apapase meza ile ile. Mwigizaji hajafanya jambo jipya hata moja, ila sasa kila sekunde ina uzito.

Tofautisheni pia taharuki na kutisha. Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba vina hazina kubwa ya kutisha, na uvumi wa jini Popobawa wa mwaka 1995 mpaka leo unatosha kumfanya mtu mzima alale na taa. Lakini jini likishaingia kwenye picha, swali la mtazamaji hubadilika: haulizi tena nani kafanya na kwa nini, anauliza litatokea upande gani. Hiyo ni filamu nyingine. Kwa filamu ya taharuki, tishio liwe la binadamu mwenye sababu, hata kama sababu yenyewe hamuisemi.

Tegeni, msitegue

Mwanzo wa filamu ni kitendawili kilichotegwa, na jibu lake halitolewi humo. Nyinyi watengenezaji, hata hivyo, lazima mlijue. Liandikeni kwa sentensi tatu kwenye karatasi, kila mmoja wa kundi alisome. Kundi lisilojua jibu huanza kuokoteza: kisu kinaongezwa, barua inaongezwa, picha iliyochanwa inaongezwa, kwa sababu hakuna anayeweza kusema kipi kinahusika na kipi hakihusiki.

Mfano tutakaoutumia ni huu. Rahma, mwanafunzi wa Kidato cha Nne, anarudi kutoka twisheni wakati wa magharibi. Anapita vichochoro vya Mji Mkongwe hadi kwao. Mlango umefungwa kwa kufuli nje. Kizingitini pana jozi ya makubadhi ya kiume. Yeye hayaoni, anahangaika na mkoba na funguo. Anafungua, anapiga hodi, kimya, anaingia. Kamera inabaki nje na makubadhi. Ndani anakunywa maji, simu inaita, mama yake. Tunarudi kizingitini: makubadhi hayapo.

Mfano huu hauna silaha wala damu wala mbio. Unahitaji msichana mmoja, sauti ya mwanamke mmoja, jozi ya viatu na kufuli. Nguvu yake ni kwamba mtu yeyote aliyekulia Unguja au Pemba husoma viatu vya mlangoni bila kufundishwa: viatu vipo nje, basi mtu yumo ndani. Lakini kufuli liko nje pia. Mambo mawili ambayo hayawezi kuwa kweli pamoja, na hamjaandika neno. Mkibuni hadithi yenu, tafuteni kitu cha namna hiyo, kitu ambacho mtaa mzima unakijua maana yake, kisha kiwekeni mahali ambapo maana hiyo inagoma.

Mtashawishika kumfanya Rahma ayaone makubadhi na kushtuka. Msifanye. Akiyaona, anajua tunachokijua, na ile tofauti inakufa. Akishtuka, tunamtazama yeye. Asipojua, tunatazama mlango.

Karatasi kabla ya kamera

Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri ni takriban dakika moja ya picha. Yenu iwe kurasa mbili, isizidi. Mazungumzo yote, ukiacha mama kumwita Rahma mwishoni, ni haya:

MAMA: Ushafika?
RAHMA: Nshafika.
MAMA: Kaka yako yuko?
RAHMA: Hayupo. Kufuli nimelikuta nje.

Baada ya hapo mama ananyamaza. Mtu kwenye kundi atapendekeza mama aseme "Toka humo ndani!" Mkatalieni kwa upole. Sentensi ya kufuli imeshamkumbusha mtazamaji kitendawili, na kimya cha sekunde chache upande wa pili wa simu kinasema zaidi. Angalieni pia kwamba wanazungumza Kiswahili cha nyumbani. Rahma akisema "Nimeshawasili, mama", tumo kwenye taarifa ya habari.

Gaweni sekunde 120 kabla ya kuchora chochote. Kwa mfano huu mgao unaofaa ni:

- Kichochoroni: sekunde 40, shoti 6, humu ndimo majina mengi yanapokaa.
- Mlangoni: sekunde 25, shoti 4.
- Ndani: sekunde 42, shoti 8.
- Kizingitini tena na jina la filamu: sekunde 13, shoti 2.

Kisha choreni ubao wa picha. Kila shoti ipewe kisanduku cha sentimita 16 kwa 9, ambao ndio uwiano wa kioo. Watu wa vijiti wanatosha kabisa. Aliye hodari wa kuchora mara nyingi hupoteza siku nzima kwenye nywele. Chini ya kila kisanduku andikeni mambo manne: ukubwa wa picha, kamera iko wapi, inasogea au imetulia, na sauti gani inasikika. Hilo la sauti ndilo husahauliwa, na ndilo litakalowagharimu.

Sasa fanyeni jambo ambalo makundi mengi huliruka. Pigeni picha kila kisanduku kwa simu, ziingizeni kwenye programu ya kuhariri, kila moja muipe sekunde zake, na msome mazungumzo juu yake. Ni kazi ya saa moja. Mtagundua pale pale kwamba sehemu ya ndani inavuta mno, au kwamba kutoka kufuli hadi glasi ya maji hakuna shoti inayounganisha. Kugundua hivyo mkiwa mezani ni bure. Kugundua baada ya kurudisha makubadhi ya watu ni kuamka alfajiri upya.

Ruhusa

Anzeni na barua ya skuli au chuo inayotaja majina, tarehe, mitaa na kwamba kazi ni ya masomo. Kwa barua hiyo nendeni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar, yaani BASSFU, ambalo ndilo lenye dhamana ya filamu hapa, mkaulize kazi yenu inahitaji kibali cha aina gani. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000 na una mamlaka yake, kwa hiyo nao wajulisheni. Halafu nendeni kwa sheha wa shehia husika. Msimwache wa mwisho kwa kudhani ni mdogo: jirani akiuliza kwa nini vijana wako nje na taa saa kumi na moja alfajiri, atakayeulizwa ni yeye.

Mwenye nyumba asaini karatasi. Mwigizaji aliye chini ya miaka 18 asainiwe na mzazi, na mzazi aelezwe saa za kupiga, maana "tunapiga filamu" na "tunamhitaji binti yako saa kumi na nusu alfajiri" si ombi moja. Droni ni kibali kingine kabisa, kinachohusu Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hadithi hii haiihitaji. Bandari, kambi na vituo vya polisi visionekane kwenye fremu, yaani ndani ya picha.

Kuchagua kichochoro na nyumba

Nendeni mara mbili: mara moja mchana kwa macho, mara moja kwa saa ile ile mtakayopiga, kwa masikio. Kichochoro kizuri mchana kinaweza kuwa na jenereta, kiyoyozi kinachong'uruma, au maduka yanayofunguliwa mapema. Shangani na pande za Forodhani huwa na wageni na taa nyingi; Kiponda, Hurumzi na Mkunazini kwa ndani zina kona za kutosha. Tafuteni kichochoro chenye mambo matatu: kinapinda, ili Rahma atokee na kupotea; kina taa walau moja ya ukutani; na kina kibaraza ambapo mtu wa sauti anaweza kukaa bila kuonekana.

Pimeni upana. Kichochoro cha mita moja na nusu hakikuachii nafasi ya kumpiga mtu ubavuni. Mtampata mbele au nyuma tu, na ubao wenu ubadilike kufuata hali hiyo. Simameni mwisho wa kichochoro dakika kumi mhesabu pikipiki zinazopita. Siku ya kazi mtu mmoja asimame kila upande kuzisimamisha. Hatari kubwa kuliko zote mjini ni hiyo, maana mpiga picha anayerudi nyuma huku jicho liko kwenye kioo hasikii vespa.

Nyumba za zamani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ghorofa zake hubebwa na boriti. Sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka Disemba 2020, na lile lilikuwa jumba la kifalme. Pigeni sehemu ya ndani chini, msipandishe watu wanane juu. Kwenye mlango wa kuchonga msipige msumari wala msibandike utepe wa gundi. Unabandua rangi na mafuta ya mbao pamoja.

Walioko Pemba wasihangaike kutafuta mji wa mawe. Njia ya katikati ya mikarafuu, nyumba ya peke yake na majani makavu yanayosema chini ya miguu hutoa kitendawili kile kile, na sauti bora zaidi. Wakumbuke tu kwamba chini ya mikarafuu giza huingia mapema kuliko uwanjani.

Magharibi hupigwa alfajiri

Hapa ndipo wengi hukwama. Hadithi inatokea magharibi, na mwanga unaotakiwa ni ule wa buluu baada ya jua kuzama. Kwetu, karibu na ikweta, mwanga huo haukai: dakika kama ishirini, na kwisha. Jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni kufuatana na miezi, na dakika hizo ishirini huangukia sawasawa kwenye adhana na sala. Nusu ya kundi itakuwa msikitini, misikiti ya pande zote itakuwa inaadhini, na watu watakuwa wanapita kwenda na kurudi. Hamtapata picha, hamtapata sauti, na mtawaudhi wenye mtaa.

Pigeni alfajiri. Kwenye kioo, mwanga wa kabla ya jua kuchomoza hautofautiani na ule wa baada ya jua kuzama. Jua huchomoza kati ya saa 11:55 na saa 12:35 hivi. Angalieni saa ya siku yenu hasa. Sala ya alfajiri inakuwa imeshamalizika, njia ni tupu, na hewa ni baridi kiasi cha simu kutochemka. Muwe mmeshapanga kila kitu dakika 40 kabla ya jua. Mwanga unaofaa huanza kama dakika 25 kabla na kumalizika kama dakika 5 kabla.

Ndani ya dakika hizo ishirini mtapata shoti nne, zikizidi tano. Kwa hiyo pigeni shoti pana tu, zile zinazoonyesha anga na kina cha kichochoro. Klozapu, yaani shoti za karibu, za miguu, funguo na kufuli zisubiri. Kuta ndefu huzuia jua, na kichochoro chembamba hubaki kivulini asubuhi. Punguzeni mwangaza wa kamera na klozapu hizo zitaungana na zile pana bila mtu kujua. Kwa mpango huo, nje yote ni asubuhi mbili. Wekeni ya tatu ya akiba.

Epukeni masika, kuanzia Machi hadi Mei, na mjihadhari na vuli kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Februari mji hujaa kwa tamasha la muziki la Sauti za Busara, na wiki ya tamasha la filamu la ZIFF pia si ya kutafuta kichochoro kitupu. Ramadhani msiwaombe watu kazi ya mchana.

Mipangilio ya kamera

Simu inatosha, mradi ipigwe kwa programu inayoruhusu kufunga mipangilio. Open Camera ya Android ni ya bure, na Blackmagic Camera pia. Tumieni lenzi kuu pekee. Lenzi pana na ya kuvuta za simu nyingi huchafuka gizani, na kuvuta kwa vidole ni kukata picha na kuikuza tu.

Fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mkipiga kwa fremu 30 na shata 1/60, taa nyingi zitacheza mistari ambayo hamtaiona kwenye kioo kidogo. Mtaiona darasani kwenye projekta. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iwekeni ndogo mnavyoweza, na msipite 800 kwenye simu ya kawaida. Picha ikiwa nyeusi ongezeni taa, msiongeze ISO: giza linalopendeza kwenye filamu limepigwa kwa mwanga wa kutosha, likatiwa giza kwenye uhariri. Giza halisi ni chengachenga.

Rangi ya mwanga ifungeni kwenye Kelvini 4000 hivi. Nje itakuwa buluu, na balbu ya njano ya nyumbani itakuwa ya machungwa. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya mlango uonekane mpaka kati ya sehemu mbili. Ikiachwa iamue yenyewe, kamera itabadilika rangi katikati ya shoti Rahma anapovuka kizingiti.

Kwa taa, balbu ya LED ya njano ya wati 9 nyuma ya mlango, taa moja ya chaji iliyofunikwa kanga nyeupe kwa ajili ya uso, na shuka jeupe la kurudisha mwanga. Buibui kuukuu likitundikwa upande wa pili wa uso hunyonya mwanga na kuacha nusu ya sura gizani. Hakuna kifaa cha dukani kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Simu iwe hali ya ndege, yenye gigabaiti 20 wazi. Dakika moja ya 4K huchukua megabaiti 300 hadi 400. Mkitoka chumba chenye kiyoyozi, acheni lenzi nje dakika kumi na tano. Unyevu huifanya ukungu, na kuifuta kwa fulana kunaongeza mafuta.

Mwelekeo

Rahma akianza kwa kutembea kutoka kushoto kwenda kulia, aende hivyo hivyo hadi mlangoni. Mkihamia upande wa pili wa njia yake, ataonekana amegeuka anarudi twisheni. Mji Mkongwe unapinda mno, na kosa hili ni rahisi kulifanya. Mkilazimika kubadili upande, pitisheni katikati shoti moja anayokuja kamera usoni. Hiyo haina kushoto wala kulia, na baada yake mnaweza kuanza upya.

Tendo la kuvuka mlango lipigwe lote mara mbili, kutoka nje na kutoka ndani: ufunguo, kusukuma ubao, kuvuka. Msimsimamishe Rahma kwenye kizingiti mkahamisha kamera. Atakapoendelea mkono utakuwa mwingine. Kata, yaani kuruka kutoka shoti moja hadi nyingine, ifanyike mlango unapokuwa kwenye mwendo, na macho hayataiona.

Makubadhi yenyewe

Jozi ya rangi ya kahawia iliyokolea juu ya jiwe la kijivu alfajiri haionekani kabisa. Chukueni ya ngozi nyepesi yenye mshono unaong'aa, muiweke pale ambapo mwanga wa chini ya mlango unaifikia. Katika shoti pana ya mlangoni iwe pembeni, ndogo lakini wazi. Katika shoti inayofuata, mlango ukishafungwa, kamera itulie juu yake. Sekunde tatu ni kidogo, saba ni kumwambia mtazamaji kuwa hana akili. Anzeni na tano.

Alama za chaki ziwekwe kwenye ncha nne, na picha ya simu ipigwe kabla mtu hajayagusa. Awepo mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu: makubadhi yako vipi, mkoba uko bega lipi, ushungi umekaa vipi, glasi ina maji kiasi gani. Mtu huyo asipewe kazi nyingine hata akionekana amekaa bure. Shoti ya mwisho, kizingiti kitupu, ipigwe tripodi ikiwa haijasogezwa hata sentimita kutoka shoti ya makubadhi: pigeni, toeni viatu, futeni chaki, pigeni tena. Fremu ikifanana kabisa, kukosekana kwake kutaonekana mara moja.

Siku yenyewe

Watu sita wanatosha: mwongozaji, mpiga picha, wa sauti, wa mwendelezo (yule wa makubadhi na mkoba), na wawili wa njia. Wa njia wawe watoto wa mtaa ule, wanaojua kumsalimia mzee anayepita na kumweleza bila kumzuia. Mzee akitaka kupita, apite. Kata picha, "shikamoo", subirini. Watoto wakijaa, na watajaa jua likitoka, mpeni mkubwa wao kazi ya kuwanyamazisha wenzake.

Rahma aanze kutembea akiwa nje ya fremu. Kamera iwashwe sekunde tano kabla ya tendo na izimwe sekunde tano baadaye, kwani shoti iliyozimwa tendo linapokwisha haina mahali pa kukatia. Kila shoti ipigwe teki, yaani marudio, tatu nzuri, si teki moja nzuri na maneno "inatosha". Tazameni teki kwa kuvaa spika za masikioni, kwenye kivuli, siyo kwa kuinamia kioo wote sita.

Sauti

Mtazamaji husamehe picha mbovu, sauti mbovu haisamehe. Mazungumzo ya simu yapigwe ndani, feni na friji vikiwa vimezimwa. Mkishazima friji tieni ufunguo wa nyumba ndani yake, ili msiondoke mkaacha samaki wa watu waoze. Kama hamna maiki ya kubana kwenye nguo, simu ya pili ifichwe mezani nusu mita kutoka mdomoni ikirekodi sauti peke yake. Pigeni makofi mara moja mwanzoni mwa kila teki. Mlio huo ndio mtakaoutumia kuoanisha sauti na picha. Sauti ya mama irekodiwe chumba kingine, halafu ichezwe kwa simu na kurekodiwa tena kutoka kwenye spika yake. Hivyo inakuwa ya simu bila ufundi wowote.

Kabla ya kuondoka kila mahali, wote kimya, rekodini sekunde 60 za chumba kitupu na 60 za kichochoro. Bila hizo, kila kata itasikika kama mlango unaofunguliwa na kufungwa. Alfajiri hasa, kunguru huanza kelele mara kunapopambazuka, na kunguru wa asubuhi atavuruga magharibi yenu. Futeni sauti yote ya nje na kuijenga upya: hatua juu ya sakafu, mkufu wa funguo, kufuli, bawaba. Rekodini vitu hivi kimoja kimoja usiku, maiki ikiwa sentimita 20 tu.

Adhana iacheni nje ya mchezo. Ikiwa imeingia kwa bahati kwenye teki, tumieni teki nyingine. Kuikata katikati, au kuiwekea makelele ya kutisha chini yake, kutawakwaza watazamaji wenu wa kwanza, ambao ni majirani wa seti yenu. Muziki pia usiwe taarabu ya mtu iliyopakuliwa mtandaoni. Ombeni mwanafunzi wa muziki, kwa mfano wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, awapigie udi: uzi mmoja mnene, noti mbili, polepole, dakika tatu. Hicho ni kingi.

Kukata

DaVinci Resolve ina toleo la bure kwa kompyuta. Kwa simu CapCut inafika. Pangeni shoti zote kwa mfuatano wa ubao kwanza, bila muziki. Ikichosha bila muziki, inachosha. Kichochoroni acheni shoti ziwe ndefu, ndani zifupishwe kidogo kidogo, kisha mama anaponyamaza msikate: usoni mwa Rahma sekunde sita. Ruka kizingitini, kitupu, lakini sauti ibaki ya ndani, mama akiita kwa mbali simuni, "Rahma? ... Rahma?" Picha iko nje, sikio liko ndani. Kisha cheusi na jina.

Majina yakae kwenye sehemu tupu ya fremu, upande ambao Rahma hayupo, herufi nyembamba nyeupe, kila moja sekunde tatu, muda wa kusoma mara mbili. Msitumie herufi za damu inayodondoka. Jina lisikae kamwe juu ya shoti ya makubadhi. Mtu akisoma, haangalii.

Mazungumzo yacheze karibu na desibeli -12, na kilele cha sauti kisipite -6. Toeni faili la 1080p kwa fremu 25, na nakala mbili mahali tofauti, moja isiwe kwenye simu iliyopigia.

Halafu tafuteni watu watano wasiojua hadithi, waonyesheni mara moja, bila kueleza, na ulizeni swali moja tu: mlangoni palikuwa na nini? Watatu wakijibu viatu na kuanza kubishana ni vya nani, pelekeni. Wakiuliza "viatu gani?", ongezeni sekunde moja kwenye ile shoti, au rudini na jozi nyeupe zaidi ile asubuhi ya akiba.